Mtandao umebadilisha sera na grupu zima limewaka? Gomeni hivi

Umeamka asubuhi, simu inakwambia mtandao mnaoutumia umebadilisha sera. Ama kitu kilichokuwa bure kimewekewa bei, ama wanataka data zaidi, ama wanaua kitu ambacho grupu lenu linakitegemea, na ukifungua grupu unakuta kumewaka, kila mtu tugome, tuhame, tuwakomeshe hawa jamaa. Sawa, gomeni. Mimi sina shida na mgomo, shida yangu ni ile migomo ya hasira ya siku 2 ambayo ikiisha watu wanarudi kimya kimya na kampuni wala haijakohoa.

Mfano nitakaoutumia sana humu ni wa Reddit, Juni 2023, manake ule ndo mgomo wa watumiaji ambao kila kitu kilionekana wazi, walipopatia na walipobugi, na hadi maneno ya ndani ya kampuni yakavuja. Kwa ambao hamkufuatilia, Reddit ni mtandao wenye maelfu ya majukwaa, kila jukwaa lina mamodereta wake, yaani wasimamizi, na wanafanya kazi bure kabisa. Tarehe 18 Aprili 2023 kampuni ikatangaza kwamba API yao, yaani ule mlango ambao aplikesheni za nje zinapitia kuchota posti na komenti, itakuwa ya kulipia. Mwisho wa Mei bei ikajulikana, dola 12,000 kwa kila maombi milioni 50 (ombi moja ni kila mara aplikesheni inapogonga mlango huo kuchota kitu). Kulikuwa na aplikesheni moja inapendwa sana na watu wa iPhone inaitwa Apollo, ya jamaa wa Kanada anaitwa Christian Selig, na mwezi mmoja kabla yake ilikuwa imepiga maombi bilioni 7. Chukua kalamu upige hesabu, 7,000 gawa kwa 50 ni 140, mara 12,000 ni dola milioni 1.68 kwa mwezi, kwa mwaka unakaribia milioni 20. Na bei inaanza tarehe 1 Julai, yaani siku 30 tu mbele. Hapo ndo watu wakasema hapana.

Someni sera yenyewe, sio skrinishoti yake

Hapa ndo wengi wanaharibu kabla hata hawajaanza. Mnakumbuka Januari 2021, WhatsApp walipoanza kutuma ile taarifa ya ukubali sera mpya kabla ya tarehe 8 Februari? Kwenye magrupu ya familia ikageuka kuwa "Facebook sasa watasoma meseji zetu zote", mjomba kaforwadi, shangazi kaforwadi, mpaka sauti za mtu asiyejulikana anajiita mtaalamu wa IT. Ukweli ni kwamba mabadiliko yale yalihusu zaidi unapochati na biashara, meseji za mtu na mtu ziliendelea kufungwa kwa siri kama zamani. Kitu cha kukasirikia kilikuwepo kabisa, kwamba namba yako na taarifa za matumizi yako zinaenda kwa Facebook, ila hicho kilianza tangu sera ya 2016 na wakati ule ulipewa siku 30 tu za kukataa, wengi wakapitiliza bila kusoma. Sasa umati mzima ulipopiga kelele kuhusu meseji kusomwa, kampuni ikapata kazi rahisi sana, ikajibu "hatusomi meseji zenu", ikaweka mpaka kwenye Status za watu, na lile swali la msingi la data likapita pembeni hivi hivi.

Kwa hiyo mtu mmoja au wawili wanaosoma vizuri Kiingereza cha kisheria wakae chini na sera. Fungua toleo jipya, halafu la zamani ulitafute kwenye Wayback Machine (web.archive.org), pale unabandika linki ya ukurasa wa sera unachagua tarehe ya nyuma, unaweka mbili ubavu kwa ubavu. Unatafuta nini kimebadilika, kinaanza lini, na kinamgusa nani. Hilo la nani usilipuuze, wakati mwingine sera ya Ulaya ni tofauti na ya kwetu, na hiyo tofauti peke yake ni hoja, kama wanaweza kuwaheshimu wale kwa nini sisi tusiheshimiwe.

Halafu andikeni muhtasari wa Kiswahili, nusu ukurasa tu, usiotia chumvi. Kiukweli sera nyingi zinakuja kwa Kiingereza kizito na nusu ya grupu wanabonyeza "kubali" ili wapate kuendelea kuchati, kwa hiyo huo muhtasari ndo utakuwa silaha yenu ya kwanza na pengine ndo kitu chenye faida kuliko vyote mtakavyofanya. Na tafadhali sana, lile tangazo la kukopi na kupesti la "mimi fulani siruhusu Facebook kutumia picha zangu", limezunguka miaka zaidi ya 10 sasa, halina nguvu yoyote kisheria, ulishakubali masharti siku unafungua akaunti. Anayeliposti msimtukane, mwelewesheni tu.

Mna nini mkononi?

Hili ndo swali lenyewe, na ukilijibu vibaya mengine yote ni kelele. Kampuni haijali mmekasirika kiasi gani, inajali inapoteza nini mkikasirika.

Watu wa Reddit walikuwa na vitu vitatu. Cha kwanza, kitufe, modereta angeweza kubadilisha jukwaa likawa la siri, ambaye mamodereta hawajamwidhinisha haoni kitu. Cha pili, kazi ya bure, kufuta spamu na matusi usiku na mchana, kazi ambayo kampuni nyingine zinailipia (na hata huko wanaolipwa wana vilio vyao, tarehe 1 Mei mwaka huo huo Nairobi, zaidi ya watu 150 wanaosafisha maudhui ya Facebook, TikTok na ChatGPT kupitia kampuni za mkataba walipiga kura kuanzisha chama chao cha wafanyakazi). Cha tatu ambacho nadhani hata wao hawakukijua mpaka wamefunga, ni Google. Watu dunia nzima wakitafuta jibu la kitu wanaongeza neno reddit mwishoni, sasa wiki ile ukibonyeza linki unakutana na ukurasa umefungwa. Hapo mgomo ukawagusa hata watu ambao hawana akaunti, na ndo kilichofanya magazeti yaandike.

Ila angalia tena kile kitufe. Kitufe ni cha kampuni, mamodereta walikuwa wameazimwa tu, na aliyekuazima anaweza kukunyang'anya. Na kweli, Septemba 2024 Reddit wakabadilisha utaratibu, sasa modereta akitaka kulifanya jukwaa kuwa la siri anaomba ruhusa kwanza. Kwa hiyo ukiorodhesha mlivyo navyo, gawanya mafungu mawili, vya kwenu kweli na vya kuazimwa. Kitufe, jina la grupu, idadi ya wanachama inayoonekana pale juu, hivyo ni vya kuazimwa. Vya kwenu ni uhusiano wa watu, namba za simu za watu, maarifa yenu, na muda wenu.

Na muwe wakweli kwenye ukubwa wenu. Grupu la WhatsApp la watu 200 likifunga siku 2, pale makao makuu Marekani hakuna atakayejua. Hiyo haina maana mkae kimya, ina maana njia yenu ni nyingine. Tafuteni magrupu mengine yanayoguswa na kitu hicho hicho. Tafuteni mwandishi wa habari za teknolojia. Na tafuteni mamlaka, hili watu wetu wanalisahau sana, siku hizi Kenya kuna Kamishna wa Ulinzi wa Data chini ya sheria ya 2019, Tanzania kuna Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi chini ya sheria ya 2022, malalamiko ya maandishi yenye ushahidi ni kazi yao kuyapokea. Mwaka 2021 watu duniani kote walipiga kelele kuhusu WhatsApp, ila Uturuki mamlaka yao ya ushindani ilifungua uchunguzi ikaamuru ukusanyaji ule wa data usimame, na WhatsApp ikabidi iwaambie kwamba ile sera mpya kwao haitatumika. Sehemu nyingine walichopata ni tarehe kusogezwa mpaka 15 Mei, na baadaye ahadi kwamba asiyekubali hatapunguziwa huduma. Sio haba, ila linganisha na Uturuki.

Kitu kingine, jueni aliyeamua ni nani. Julai 2015 Reddit walimfukuza Victoria Taylor, mfanyakazi aliyekuwa anaratibu yale mahojiano ya watu maarufu, mamodereta wakafunga mamia ya majukwaa ndani ya muda mfupi, hawakutangaza watarudi lini, na hasira zote zikamwangukia bosi wa wakati ule, Ellen Pao, matusi ya kila aina, na tarehe 10 Julai akaachia ngazi. Baadaye ikajulikana mabadiliko yale ya mahojiano yalikuwa uamuzi wa Alexis Ohanian, mmoja wa waanzilishi, na mwenyewe alikubali. Yaani walimwangusha mtu ambaye sio.

Madai mawili matatu, basi

Mkikaa watu 50 kuandika madai mtatoka na madai 50. Kateni. Dai zuri ni lile ambalo mtu wa kampuni anaweza kulijibu ndiyo au hapana na ambalo mtajua kama limetimizwa. "Mtuheshimu" sio dai. Mfano:

"Sisi wanachama wa grupu hili tunaomba mambo mawili. Moja, bei mpya isianze kabla ya miezi 6 kupita tangu itangazwe. Mbili, aplikesheni zinazotumiwa na wasioona ziondolewe kwenye malipo. Tunaomba jibu la maandishi. Watakaoongea kwa niaba yetu ni hawa watatu, na lolote litakalokubaliwa litarudi kwanza kwa wanachama kupigiwa kura."

Hilo la wasioona sijalitunga kwa bahati. Kwenye mgomo wa Reddit dai kubwa la bei lilishindwa, Apollo ilifungwa tarehe 30 Juni na wenzake kadhaa wakafuata. Lililoshinda ni dogo. Wasioona, wengi wanakutana kwenye jukwaa lao la r/Blind (Reddit majina ya majukwaa yanaanza na r/), walikuwa wanategemea aplikesheni za nje kwa sababu ile rasmi ilikuwa haielewani vizuri na programu za kusoma skrini kwa sauti. Hawakusema bei ni mbaya, walisema sisi hapa tutafungiwa nje, aplikesheni zetu ni hizi na hizi. Kampuni ikatoa msamaha wa malipo kwa RedReader, Dystopia na Luna. Ona tofauti, kundi dogo, madhara yanayoonekana, majina ya vitu, na ombi ambalo kulikataa ni aibu kuliko kulikubali.

Mwezi huo huo wa Juni mamodereta wa Stack Overflow, mtandao wa maswali na majibu ya waandika programu, na wa mitandao ndugu zake nao waligoma, kuhusu sera ya majibu yanayoandikwa na AI, wao waliacha kazi tu, wakachagua wawakilishi, wakakaa mezani na kampuni wiki kadhaa, na mwezi wa 8 mgomo ukaisha kwa makubaliano ya maandishi. Hawakupata umaarufu kama Reddit, hakuna aliyewaandika sana. Mimi kama ningepewa nichague, ningechagua wa kwao.

Kura, hata kama unajua jibu

Admini akifunga grupu usiku peke yake, asubuhi ugomvi sio na kampuni tena, ugomvi ni na yeye. Bosi wa Reddit Steve Huffman aliona upenyo huo huo, akaiambia NBC News kwamba mamodereta ni kama mabwanyenye wenye ardhi, waliofika kwanza wakajimilikisha na hawawezi kuondolewa, na kwamba angeangalia namna wanachama wapate uwezo wa kuwapigia kura watoke. Ni maneno ya mtu mjanja, manake ghafla yeye ndo akawa mtetezi wa wananchi. Majukwaa yaliyokuwa yamewauliza watu wake kabla ya kufunga yalikuwa na cha kujibu, yasiyouliza yakaanza kugombana yenyewe.

Tumia ile kura ya ndani ya grupu, weka machaguo yanayoeleweka (tufunge kabisa / tubaki wazi ila hakuna kuposti / tusigome), acha angalau siku nzima na usiku wake kwa sababu mna watu Muscat, mna watu Toronto, saa zao na zenu haziendani, halafu piga skrinishoti matokeo. Wanaopinga waacheni waandike sababu zao na msizifute. Kuna watu biashara zao zinategemea grupu hilo, mama anauza vitenge kupitia pale, ukimfungia wiki 2 umemgomea yeye na sio kampuni. Kama wapo wengi wa hivyo, chagueni kufunga sehemu tu, WhatsApp unaweza kuweka maadmini peke yao ndo waandike, Facebook unaweza kulisimamisha grupu kwa muda, posti za zamani zinabaki na watu wanaona tangazo lenu.

Msitangaze siku ya kurudi

Mgomo wa Reddit ulipangwa tarehe 12 mpaka 14 Juni. Majukwaa zaidi ya 8,000 yakafunga, mengine yana mamilioni ya watu, mpaka Reddit yenyewe ikazima kwa muda siku ya kwanza kwa sababu mitambo haikuzoea hali ile. Kwa macho ulikuwa mgomo mkubwa sana. Ndani ya kampuni Huffman akawaandikia wafanyakazi wake, ujumbe ukavuja kwa The Verge, tovuti ya habari za teknolojia, kwamba hii ni moja ya kelele kubwa walizowahi kuziona lakini itapita kama zilivyopita nyingine, na kwamba mpaka muda ule hawajaona madhara ya maana kwenye mapato.

Na kwa nini asiseme hivyo? Aliambiwa kabisa ni saa 48. Ni sawa na daladala za Dar zigome halafu zitangaze keshokutwa saa 4 asubuhi tunarudi barabarani, kila mtu atatembea kwa miguu siku 2, mamlaka itaenda kulala, mambo yameisha. Mgomo unauma kwa sababu mwenzako hajui utaisha lini. Kama mnaogopa kufunga bila kikomo, semeni hivi, tunafunga, na kila Jumapili wanachama watapiga kura kama tuendelee. Kikomo mnacho, ila kinashikwa na kura na sio kalenda, na kampuni haiwezi kukihesabu.

Kabla hamjafunga, okoeni vitu

Hii sehemu haina raha ila ifanyeni. Kwenye WhatsApp ya Android, fungua grupu, vidoti vitatu juu kulia, ingia kwenye machaguo zaidi, kuna sehemu ya kutoa nakala ya maongezi, inakuuliza na picha au bila picha. Anza bila picha, inatoka faili nyepesi la maandishi, itume kwa email yako. Ukichagua na picha faili linakuwa zito na haitoi maongezi yote kama grupu ni la miaka mingi, kwa hiyo zile nyaraka muhimu, katiba ya grupu, orodha ya michango, mapishi, risiti, zihifadhi moja moja. Telegram fanya kwa kompyuta, ile aplikesheni yao ya desktopu inatoa historia nzima. Na namba za watu ziandikwe pembeni, kwa ruhusa yao, msije mkagomea mambo ya faragha huku mnasambaza namba za wenzenu.

Halafu nyumba ya pili. Mwaka 2010 mtandao wa Digg ulileta toleo jipya, watu wakalichukia, wakaujaza ukurasa wa mbele wa Digg na linki za Reddit halafu wakahamia Reddit, na Digg haikurudi kama zamani. Kilichowasaidia ni kwamba Reddit ilikuwepo, inafanya kazi, unafungua akaunti unaingia. Wa 2023 walipoangalia pa kwenda wakakuta Lemmy na kbin, vitu vizuri kwa anayevielewa, ila mtu wa kawaida anaulizwa achague seva kwanza, anajiuliza seva ndo nini, anarudi. Januari 2021, kwenye ile sekeseke ya WhatsApp, watu walikimbilia Signal, aplikesheni nyingine ya kuchati, wengi kiasi kwamba tarehe 15 Signal yenyewe ikaanguka. Kwa hiyo msihame siku ya vita. Fungueni tawi mapema huko kwingine, hamisheni kitu kimoja kwanza, labda matangazo ya vikao tu, muone nani anashindwa kuingia na kwa nini, mara nyingi utakuta ni simu ya zamani, nafasi imejaa, au bando la WhatsApp peke yake ndo analoweza. Bila hivyo mtahama vijana 30, wazee wote watabaki kule, na baada ya mwezi mmetulia kule kule kwa sababu bibi yupo kule.

Watakavyowajibu

Kwanza watawapotezea. Wakiona hampoi watatoa maelezo ya jumla, "tunawasikiliza". Baada ya hapo vitisho vya adabu. Reddit waliwaandikia mamodereta waliofunga kwamba kama hamtaki kufungua, tutatafuta walio tayari, na kuna waliotolewa kweli. Hapo umoja ndo unapimwa, manake siku zote atakuwepo mmoja anaitamani nafasi. Kubalianeni mapema, akitolewa mmoja wengine mnafanya nini.

Baadhi walirudi kwa namna ambayo mimi nilicheka mpaka basi. Kampuni inasema jukwaa ni la wanachama? Haya, r/pics wakapiga kura, wanachama wakaamua kuanzia sasa picha zote ziwe za mchekeshaji John Oliver tu, r/gifs na r/aww nao wakaingia kwenye mchezo huo, na John Oliver mwenyewe akafurahi akawapa picha zake wazitumie. Jukwaa liko wazi, kura imepigwa, sheria haijavunjwa, na halisomeki. Ukomoaji wa hivi unadumu kuliko kufunga kwa sababu watu wanauona na wanacheka. Ila una mpaka wake, kuna waliogeuza majukwaa yao kuwa ya maudhui ya watu wazima kwa vile kule matangazo hayawekwi, hao walitimuliwa haraka, na sidhani kama mtoto wa watu aliyeingia kutafuta picha ya paka alistahili alichokikuta.

Wekeni ushahidi wa kila maongezi. Kampuni ilianza kusema kwamba Selig aliwatishia ili alipwe. Kumbe kwenye simu alikuwa amewaambia, kwa utani nusu, kama Apollo inawagharimu kiasi hicho basi mnipe dola milioni 10 na "kelele" za Apollo zitulie, akimaanisha mzigo wa yale maombi kwenye seva, mtu wa kampuni akadhani ni vitisho, akaelezwa, akaomba radhi pale pale kwenye simu. Selig alikuwa amerekodi, na tarehe 8 Juni akaweka sauti hadharani. Bila ile rekodi jina lake lingekuwa limechafuka mpaka leo. Sheria za kurekodi simu zinatofautiana nchi na nchi, kwa hiyo njia salama ni kikao kikiisha unatuma email siku hiyo hiyo, "tumekubaliana hivi na hivi, kama nimekosea nirekebishe", wakikaa kimya una karatasi.

Na msimguse mfanyakazi wa kawaida. Kwenye ule ujumbe uliovuja Huffman aliwashauri watu wake wawe waangalifu kuvaa nguo zenye nembo ya Reddit hadharani. Mkishafika hatua ya watu kuogopa fulana zao, habari inakuwa hiyo, madai yenu hakuna anayeyakumbuka.

Kurudi

Itafika siku ya kuamua. Mara chache sana kampuni inafuta kila kitu, inachotoa ni nusu. Septemba 2006 Facebook walileta News Feed, ule ukurasa unaowaonyesha marafiki zako kila unachofanya, grupu la wanafunzi wa kuipinga likafika watu zaidi ya 700,000 ndani ya siku chache, Mark Zuckerberg akaomba radhi, na News Feed ikabaki, ila wakaongeza mipangilio ya kuchagua nini kionekane. Wengi wangesema wamekula kona, mimi nasema walipata kile kilichokuwa kinawauma, kuonekana kila wanachofanya.

Na kuna kuondoka kwenyewe, kusiko na tangazo. Mtandao wa Tumblr walipotangaza kupiga marufuku maudhui ya watu wazima Desemba 2018, watumiaji walipanga kukaa nje saa 24 tarehe 17, kampuni haikubadilisha kitu. Ila watu waliondoka mmoja mmoja miezi iliyofuata, wasanii kwanza, wafuasi wao nyuma, na mtandao ambao Yahoo waliununua dola bilioni 1.1 mwaka 2013, Agosti 2019 ukauzwa kwa kampuni ya Automattic kwa kiasi kinachoripotiwa kuwa chini ya dola milioni 3.

Mkiamua kufungua, fungueni kwa kura ile ile mliyofungia. Pinini posti moja juu, tulidai nini, tumepata nini, hatujapata nini, bila kujipamba. Wale waliopinga mgomo washukuruni kwa kubaki. Tawi la kule kwingine msilifunge, wekeni mtu mmoja anaposti japo mara moja kwa wiki lisife. Na yule mliyempa kusoma sera muulizeni kama yuko tayari kusoma na ijayo, kama amechoka mtafute mwingine sasa hivi kabla grupu halijapoa.